Ngozi ya Mtani

Mama Kikoti alikuwa akitukana, na kwa Dakta Tumpe Kasyupa hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema ya kwanza tangu jana. Mgonjwa anayetukana bado yupo.

"Bora mnikate," Mama Kikoti alisema huku akitazama dari. "Mnikate hapa begani, mkono mkautupe. Kuliko kuvaa ngozi ya Mgogo nikaenda nayo kanisani, mnikate tu."

"Nani kakudanganya kwamba itaingia kanisani?" Nyemo Masinga alijibu kutoka kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa amekuja na begi la nguo, sufuria ya mlenda, na kanga mbili za kujifunika. "Ngozi yangu ina heshima zake. Ikiona Wahehe wamejazana namna ile, itakuacha mlangoni irudi Dodoma kwa miguu."

"Irudi. Si ndiyo kazi yenu, kutembea mkiomba?"

"Na mbwa wa hapa walivyoniona getini walifurahi kweli. Walidhani nimekuja kuwaokoa na sufuria zenu."

Ukutani, juu ya kitanda, kifaa cha duara chenye ukubwa wa kisosi kiliwaka njano, kisha kikawa chekundu. Kila chumba cha hospitali nchini kilikuwa nacho, na kila mtu alikiita Sikio.

"Mpokeaji amekataa," lilisema Sikio kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mtoaji anamdhalilisha mpokeaji. Ridhaa haijapatikana. Vyombo vya upasuaji vitabaki vimefungwa."

Tumpe aliangalia saa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa mwisho wa kuanza upasuaji. Zaidi ya hapo mfupa uliokuwa wazi ungeanza kuoza, na hapo hata yeye angeshika msumeno bila kubishana na mtu.

Jana yake, katika kiwanda cha mianzi kule bondeni, mashine ya kuchana fito ilikuwa imeudaka mkono wa sweta la Mama Kikoti. Mufindi kuna baridi, watu wanafanya kazi na masweta, na kila mwaka wanaambiwa wakunje mikono. Mashine ilivuta sweta, ikavuta na kilichokuwa ndani ya sweta. Haikuvunja kitu. Ilimvua tu ngozi ya mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kiwiko hadi karibu na kiganja, kama mtu anavyovua soksi, na nyama kidogo ikaenda nayo. Kano zilionekana nyeupe. Kipande cha mfupa, urefu wa kidole cha shahada, kilionekana pia. Na ajabu ni kwamba vidole vyote vitano vilikuwa bado vikicheza.

"Mkono mzima kabisa," Tumpe alikuwa amemwambia nesi Lwidiko walipokuwa wakiosha kidonda kwa mara ya pili. "Hauna nguo tu."

Kazi ilikuwa kuutafutia nguo. Ngozi nyembamba ya pajani, ile inayobandikwa kama karatasi, haishiki juu ya mfupa mtupu. Hukauka na kupukutika. Palipochimbika namna hiyo panataka ngozi nene, yenye mafuta yake na mshipa wake wa damu. Madaktari wa zamani walikuwa na hila nzuri. Walikata ulimi wa ngozi kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, pande tatu tu, upande wa nne wakauacha umeshikamana na mwili kama shina la ua. Kisha waliuleta mkono, wakaushonea ulimi ule juu ya kidonda, na kwa wiki tatu mtu aliishi hivyo, mkono nyongani, huku ulimi ukinywa damu kupitia shina lake. Mkono ukishaotesha mishipa mipya ya kuulisha, shina linakatwa, mtu anaenda nyumbani.

Tumpe alikuwa amepitisha taa ya mishipa kwenye nyonga zote mbili za Mama Kikoti. Kisukari cha miaka ishirini kilikuwa kimekwishapita huko. Mishipa ilikuwa kama nyuzi za sweta lililooshwa mara nyingi mno. Ngozi ya kukuzwa maabara ilikuwa na foleni ya wiki tisa.

Ilibaki njia ya suluhu. Sindano mbili, moja kwa kila mtu, na miili ya hao wawili tu inaacha kupigana. Ulimi wa ngozi unaweza kutoka ubavuni mwa mmoja na kupandwa mkononi mwa mwingine, wakaishi wameshonwa pamoja siku ishirini na moja, wakaachana salama. Inachotaka ni damu zinazoelewana. Wafanyakazi sitini na watatu wa kiwanda walikuwa wamejipanga kupimwa. Damu iliyoelewana na ya Mama Kikoti ilikuwa moja, ya Nyemo, mwanamke aliyekaa naye kwenye meza moja ya kuchambua fito kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Mama zangu," Tumpe alisema, akavuta kiti katikati yao. "Naomba tuweke utani wa makabila yenu pembeni kwa dakika mbili. Hili dude la ukutani halijui mtani ni nini. Linasikia matusi, linaandika matusi. Nataka kila mmoja aseme kwa maneno ya kawaida kwamba anakubali. Basi."

Wanawake wawili walitazamana.

"Yeye aanze," alisema Mama Kikoti. "Ndiye mwizi."

Nyemo alisimama. Aliifunga kanga yake vizuri, akakohoa, akaangalia lile duara ukutani kama mtu anayeapa mahakamani. "Mimi, Nyemo Masinga," alisema taratibu, "kwa hiari yangu, natoa ngozi ya ubavu wangu kwa ajili ya dada yangu mpendwa Yustina. Namtakia afya njema. Mungu amsaidie."

Tumpe aliliangalia Sikio, na taa ilikuwa imeanza kugeuka kijani upande wa mtoaji. Kisha alisikia pumzi za Mama Kikoti zikipanda. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mashine ya kupima moyo ilianza kulia.

"Daktari," alisema Mama Kikoti, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Nina hali gani? Niambie ukweli. Mnanificha nini?"

"Hatukufichi kitu, mama."

"Amesema dada yangu mpendwa." Machozi yalikuwa yanamtoka kando ya macho kuingia masikioni. "Ameniita Yustina. Mume wangu alipokufa, huyu mtu alikuja msibani amevaa koti la marehemu, akatembea mwendo wa marehemu, akadai sahani yake ya nyama. Nilicheka nikala chakula kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Hata siku ile hakunionea huruma. Leo ananiita Yustina. Ninakufa, siyo?"

"Mpokeaji yuko katika hofu kubwa," lilisema Sikio. "Kuna dalili za shinikizo. Ridhaa haijapatikana."

Nyemo aliketi. "Umeona, daktari," alisema. "Nilikwambia hii kazi siiwezi."

*

Ofisini kwake, Tumpe alikunywa chai iliyopoa na kulifikiria lile dude kwa haki. Halikuwa jambo la kipuuzi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu njia ya suluhu ilipoanza, na alikumbuka mwaka ule wa kwanza, kabla ya sheria. Alikumbuka wasichana wa kazi walioshonwa na mabosi wao, wakitabasamu kwenye picha. Alikumbuka vijana walioletwa kwa malori kutoka vijijini, kila mmoja akitaja maneno yaleyale ya kukubali, kana kwamba wamekaririshwa kwenye gari. Sikio lilitengenezwa ili lisikie kile ambacho daktari mwenye haraka hataki kukisikia. Na yeye leo alikuwa daktari mwenye haraka.

Vipi kama Mama Kikoti alimaanisha? Watu wapo wanaochagua kukatwa. Ni haki yao. Kuna mtu anayeona bora kigutu cha mkono kilicho chake kuliko mkono mzima wenye kipande cha mtu mwingine, na daktari hana ruhusa ya kumcheka.

"Ufunguo wa dharura upo," Lwidiko alisema, bila kumtazama.

"Ni wa wagonjwa wasio na fahamu."

"Najua ni wa nani. Nasema tu upo."

Saa saba na nusu alirudi wodini kwa nia ya kuuliza mara ya mwisho. Alisimama mlangoni kwa sababu walikuwa wanaongea na hawakumwona.

"Ubavu gani?" Mama Kikoti aliuliza.

"Wa kulia. Huu hapa. Una baka la kuzaliwa, ujue kabisa. Utakuwa na baka langu mkononi mpaka ufe."

"Limefanana na nini?"

"Mama yangu alisema limefanana na ng'ombe."

"Nilijua tu. Wagogo hata ngozini mnafuga." Mama Kikoti alikunja uso. "Mimi hiyo ngozi siitaki, nimeshasema. Imelelewa kwa mlenda na vumbi, itanichafulia shuka."

Na akiwa anasema hivyo, alikuwa anafanya jambo lingine. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameshika ukingo wa kitanda na anajivuta, kidogokidogo, akiuma meno kwa maumivu, kuelekea ukutani. Alijivuta mpaka bega likagusa ukuta. Kisha akauondoa mto mmoja chini ya kichwa chake, akausukuma upande wa pili, akaupigapiga ukakaa sawa.

Alikuwa amempa nafasi ya kulala.

Nyemo aliuangalia ule mto. "Kitanda chenyewe chembamba," alisema. "Na wewe ulivyo mnene."

Sikio lilikuwa jekundu vilevile. Halikuwa na jicho.

Tumpe alirudi chumba cha upasuaji, akafungua sanduku dogo la ukutani, akatoa ufunguo wa dharura. Mashine iliuliza sababu. Angeweza kuandika kwamba mgonjwa amepoteza fahamu. Ndivyo wengi walivyoandika, na hakuna aliyewahi kurudi kuwauliza. Aliandika: *Wamekubaliana. Nimeona mwenyewe.* Kisha akaandika jina lake lote, la baba na la ukoo, na droo za visu zikafunguka.

*

Upasuaji ulichukua saa tatu na dakika kumi. Tumpe alichora ubavuni mwa Nyemo umbo la kidonda, akiligeuza kama fundi cherehani anavyogeuza kitambaa kutafuta upande mzuri. Baka lilikuwa katikati kabisa ya mchoro. Angeweza kulikwepa kwa kusogea vidole viwili chini, ila mshipa mnono ulipita pale pale, na yeye hakuwa mtu wa kuacha mshipa mnono kwa sababu ya urembo. Alikata pande tatu. Aliinua ulimi wa ngozi pamoja na mafuta yake ya njano, akauacha ukining'inia kwenye shina lake, na kwa dakika nzima walisimama wote wakiutazama ukipumua rangi. Upande wake wa ndani ukawa wa waridi. Ndipo walipouleta mkono wa Mama Kikoti na kuulaza pale kama mtoto anavyowekwa kwenye nyonga.

Siku za mwanzo zilikuwa za kujifunza kutembea. Wanawake wawili wa umri wa miaka hamsini na kitu, mmoja mfupi mnene na mmoja mrefu, wameshonwa ubavu kwa mkono, na choo kipo mwisho wa korido. Lwidiko alitengeneza mkanda wa kitambaa wa kuubana mkono usivute shina. Wodi nzima iliwasikia wakija.

"Kushoto. Kushoto, nimesema. Mgogo hajui kushoto?"

"Kwetu tunaangalia jua. Hapa kwenu jua mmelificha wapi?"

"Usicheke. Ukicheka unanivuta."

"Basi usiwe na sura hiyo."

Kila baada ya saa mbili nesi aliubonyeza ulimi kwa kidole na kuhesabu mpaka rangi irudi. Ikirudi kwa hesabu ya mbili au tatu, damu inapita. Siku ya sita, mchana, Lwidiko alibonyeza na rangi ikarudi upesi mno, kabla hata hajamaliza moja, na ngozi yenyewe ilikuwa inaelekea zambarau. Damu ilikuwa inaingia na haitoki. Alimwita Tumpe, naye akaja mbio akitafuna.

Nyemo ndiye aliyekuwa amekosea. Mama Kikoti alikuwa na baridi, akalalamika, na Nyemo akajigeuza kumfunika kanga, akalala hivyohivyo akiwa amelikunja shina. Tumpe alimnyoosha, akakata nyuzi nne zilizokuwa zimebana, akakaa pale kitandani, kidole juu ya ngozi, akihesabu. Robo saa. Nusu saa. Hakuna aliyetania. Chumba kilikuwa kimya mpaka Sikio, kwa kukosa matusi ya kusikia, likawaka kijani kote kwa mara ya kwanza tangu walipoingia.

"Likizima hilo dude, nifunike tena," alisema Mama Kikoti kwa sauti ya chini. "Vizuri safari hii. Siyo kama unafunika gunia."

Zambarau ilipauka, ngozi ikarudia rangi yake. Tumpe alitoka nje, akasimama kwenye bustani, akamaliza kutafuna andazi ambalo lilikuwa bado mdomoni mwake.

Kuanzia siku ya kumi na nne walianza kuuzoesha mkono kujitegemea. Shina lilibanwa kwa kibanio kwa dakika tano, kisha kumi, kisha saa nzima, na kila mara ulimi ukabaki na rangi yake. Mkono wa Mama Kikoti ulikuwa umeanza kuilisha ngozi ya mtani wake. Siku ya ishirini na moja Tumpe alikata shina kwa mkato mmoja tu wa mkasi, na kazi ikaisha.

Walikuwa wamezoea mno. Nyemo alipotaka kwenda chooni alisimama, akangoja, akageuka kuangalia nyuma.

"Nenda," alisema Mama Kikoti. "Umekuwa mtu mzima sasa."

"Niachie hata kidole kimoja. Nitapotea kwenye korido."

Kipande kilikaa vizuri mkononi, kinene kidogo kuliko ngozi ya jirani, cheusi kidogo zaidi, na ng'ombe mdogo wa kahawia katikati. Asubuhi moja ya ukungu Mama Kikoti alimwita Tumpe amwonyeshe kitu. Vinyweleo vilikuwa vimesimama kwenye kile kipande peke yake. Sehemu nyingine ya mkono ilikuwa imetulia.

"Haijazoea Mufindi," alisema, akaifunika kwa kiganja chake. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsemea mgeni. Kisha akaona Nyemo anamtazama. "Itazoea au itakufa, shauri yake."

*

Profesa Mwantumu Shekiondo wa Bodi ya Ridhaa alikuja mwenyewe, kwa gari, mwezi uliofuata. Tumpe alikuwa ametarajia mtu mkali. Alikuja mama mtu mzima mwenye miwani mikubwa, aliyeomba maji ya moto na tangawizi na kuwauliza wanawake wale wawili habari za nyumbani kabla ya kuwauliza chochote kingine. Walikaa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Ukutani, Sikio.

"Mama Kikoti," alisema profesa. "Nauliza jambo moja. Siku ile, ulikubali kupewa ngozi hii?"

Nyemo alikuwa amekaa kiti cha pili. Alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Sikukubali," alisema Mama Kikoti. "Nilivamiwa. Mimi nimelala zangu mgonjwa, Mgogo kaja na sufuria ya mlenda, kanishonea ubavu."

"Nilimwibia nafasi ya kuwa kilema," alisema Nyemo. "Nakiri."

"Mpokeaji amethibitisha kwamba hakuridhia," lilisema Sikio. "Mtoaji amekiri kosa."

Profesa hakucheka. Aliandika. Aliwaomba wapumzike dakika kumi.

Koridoni Mama Kikoti alimshika Tumpe mkono, kwa ule mkono wa ng'ombe. Tabasamu lilikuwa limeisha. "Daktari. Lwidiko ananiambia wanaweza kukunyang'anya leseni."

"Wanaweza."

"Nikirudi mle ndani niseme vizuri? Nitasema. Nitamwita dada. Nitasema kwamba nilikubali kwa moyo wangu wote, na kwamba..." Alishindwa. Aliangalia upande alikosimama Nyemo, dirishani, akijifanya anaangalia milima. "Nitasema. Sema tu neno."

Tumpe aliona jinsi ambavyo ingekuwa. Neno moja la heshima, mbele ya mashahidi, lililorekodiwa. Halafu hao wawili wangerudi kwenye meza yao ya fito, waketi, na kila mmoja angesubiri mwenzake aanze kutukana, na huenda asingeanza mtu. Alikuwa ameshona kitu hiki kwa mikono yake. Alijua shina lake liko wapi.

"Sema unavyosema siku zote, mama," alijibu.

Profesa alimwita Tumpe peke yake. Alikuwa amevua miwani.

"Mimi si mjinga, dakta," alisema. "Mimi ni Msambaa, nina watani, wamewahi kunifungia mlango wa nyumba yangu mwenyewe siku ya harusi. Naelewa nilichokiona. Lakini nikueleze kwa nini nilitunga sheria ile. Nilikutana na binti wa miaka kumi na tisa, mfanyakazi wa ndani, ameshonwa paja kwa mkono wa tajiri wake. Nilimuuliza kama alikubali. Akacheka. Alikuwa akicheka wakati wote, na tajiri wake anacheka, na daktari anacheka, wananiambia hawa ni kama ndugu, hivi ndivyo wanavyotaniana. Yule binti alikufa siku ya kumi na saba. Sasa niambie. Kesho daktari mwingine atatumia ufunguo wake na kuniandikia kwamba ameona mwenyewe. Nitamjuaje?"

Tumpe aliona kwamba lilikuwa swali la kweli.

"Yule binti," alisema, "aliweza kumtukana tajiri wake?"

Profesa aliiweka miwani yake mezani.

"Kucheka, kila mtu anacheka, mama. Hata mwenye hofu. Mimi nilisikiliza nani anamtukana nani. Hawa walitukanana sawa kwa sawa tangu asubuhi, na hakuna aliyepunguza. Halafu nikamwona mmoja amejivuta ukutani na mfupa wake nje ili mwenzake apate pa kulala. Sikio lenu halina mahali pa kuandika hilo. Mimi nilikuwa napo."

"Na kama ungekuwa umeona vibaya?"

"Ningekuwa nimemfanyia ukatili mkubwa. Nilijua hivyo nilipochukua ufunguo. Ndiyo maana niliandika jina langu lote."

Profesa alisukuma kishikwambi kwake juu ya meza. Barua ilikuwa tayari, mistari minne. *Mimi, Tumpe Kasyupa, namwomba radhi Yustina Kikoti kwa kumpandikiza ngozi ambayo hakuiridhia.* Chini, nafasi ya kidole gumba.

"Ukiweka kidole, ni onyo, unarudi kazini Jumatatu," alisema profesa. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Usipoweka, leseni inasimama miaka miwili, na sitaweza kukusaidia. Hakuna atakayeisoma barua hii, binti yangu. Itaingia kwenye faili lake, basi."

"Faili la nani?"

"La mgonjwa."

Tumpe aliisoma tena. Miaka miwili. Alifikiria mikono yake, itakavyosahau. Alifikiria mkono utakaoletwa wiki ijayo bila ngozi, na daktari mgeni atakayeangalia taa nyekundu na kushika msumeno. Kisha akafikiria faili la Mama Kikoti, na kila nesi atakayelifungua mpaka siku ya mwisho ya maisha yake, akisoma kwamba kile kipande mkononi, kile anachokifunika kwa kiganja asubuhi za ukungu, ni mali ya wizi.

Kutoka koridoni sauti ilipenya mlangoni. "Sogea huko, Mgogo, unanizibia jua." Na nyingine: "Jua gani? Mnalo?"

Tumpe alikirudisha kishikwambi mpaka upande wa profesa, taratibu, kisianguke.

"Leseni iko ofisini, droo ya juu," alisema. "Nitakuletea sasa hivi. Radhi siombi."